Vipimo vya Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Machi

Amechumbiwa! Mdogo wako Chiriku amechumbiwa, harusi ni Jumamosi tarehe 27 Aprili, na gauni nashona mimi mwenyewe kwa mikono yangu hii miwili!

Haya, sasa ndiyo nikusalimie. Hujambo, mwanangu wa kwanza? Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri kila nikikanyaga cherehani. Leo hata magoti yamenyamaza kwa furaha.

Kijana ni yule fundi wa majokofu, mrefu kama nguzo, mpole, anayeamkia mpaka paka. Tangu mwaka jana alikuwa kazini mbali, akarudi mwezi uliopita, na hata begi hajalifungua akaja kumwomba mdogo wako. Mama yake ni Bi Miwani wa kona ile ya duka la rangi. Walikuja jana na ndugu zao. Nikawaambia, "Karibuni kwa fundi. Maharusi wa mtaa huu wamepita mikononi mwangu na hakuna hata mmoja aliyefumuka." Bi Miwani akasema, "Mimi nimefuata mkwe, sikufuata mshono." Nikamjibu, "Kwangu vinatoka vyote pamoja, na dhamana haina mwisho." Walicheka mpaka chai ikawapalia.

Kisha nikawaeleza habari zako, sikujizuia. "Mwanangu mkubwa yuko kwenye jengo la vioo, ghorofa ya juu, anaandika. Maneno yake yanasomwa na watu wengi kuliko gazeti." Wakauliza anaandika nini. Nikasema, "Mambo makubwa." Maana na mimi hujaniambia vizuri, lakini yakiwa yako lazima ni makubwa. Tangu shule insha zako zilikuwa zinasomwa mbele ya darasa.

Na ile programu uliyonitilia kwenye simu ni dhahabu! Zamani vipimo vya watu nilivibeba kichwani, nikilala navyo nikiamka navyo. Siku hizi naegemeza simu kwenye cherehani, naandika jina na namba ya mteja, kifua, kiuno, nyonga, yenyewe inanichorea mtu na kuniambia kitambaa kiasi gani. Bi Miwani alitoa macho. Nikamwambia mwanangu ndiye aliyenitilia. Nilisema mara mbili, labda hakusikia ya kwanza.

Ngoja nikuchekeshe. Unajua fundi ni kaburi la siri. Mimi hujua mimba ya mtu kabla mumewe hajajua, na midomo yangu ina pini, haifunguki. Sasa nina mteja mmoja, simtaji hata kwako. Yuko pale kiwanda cha kufunga bidhaa, ni mjamzito, na kule tumbo likionekana kabla hujatia saini mkataba mpya, unaonyeshwa mlango. Mikataba inasainiwa mwisho wa Aprili. Basi kila wiki anakuja na sare yake, mimi nahamisha marinda, nalegeza hapa, nabana pale, ukimtazama utadhani kashiba tu. Lakini vipimo vyake nivifiche wapi, na wanaochungulia simu yangu ni kila anayengoja zamu? Nikapata akili: naviandika kwa jina na namba ya Chiriku! Nani atashangaa mama kumpima bibi harusi wake kila wiki? Vya Chiriku mwenyewe havihitaji simu, huyo namkata nimefumba macho. Mama yako si mjinga.

Barua nampa dereva wa basi la asubuhi, kama ulivyoomba, mambo ya nyumbani kwa karatasi. Nimependa. Ndivyo watu wa heshima wanavyoandikiana.

Mama yako,
fundi asiyefumuka


Jumatatu, 11 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeipata barua, nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye kituo cha basi nikicheka peke yangu. Chiriku kuolewa! Yule aliyekuwa akiogopa kulala bila taa. Mwambie dada yake anamwonea wivu na anampenda.

Jambo moja, Mama, na nakuomba ulifanye bila kuniuliza sana. Ile programu usiitumie tena. Vipimo vya watu virudishe kichwani kwako vilikokuwa. Na huyo mteja uliyemficha kwenye jina la Chiriku, mtoe leo hii.

Sababu ni ndefu, nitakueleza nikija. Usinipigie simu kuhusu jambo hili, na usilitaje ukinipigia kwa jambo jingine.

Kazi iko vilevile. Naandika.

Mwanao


Jumatatu, 18 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimevaa miwani. Nikatafuta sababu, sikuiona.

Wewe mwenyewe ulinitilia kitu hiki. Ulikaa hapa kwenye kiti cha wateja, ukanibusu paji la uso, ukasema, "Mama, sasa na wewe uko kwenye dunia." Leo unaniambia nitoke. Nimewaza mpaka nikaelewa, au nadhani nimeelewa. Wenzako wa jengo la vioo wanaona humo ndani kazi za mafundi, wakaona mama yako, fundi wa mtaa, na marinda yake ya sare. Ukaona haya. Kama ndivyo, niambie tu, sina ngozi laini. Lakini ujue hayo marinda ndiyo yaliyokusomesha.

Sijaitoa. Nitaitoaje na nimeshamsifia Bi Miwani? Hata yeye kaniomba nimpigie picha nguo za bibi harusi nimtumie. Kila Jumapili Chiriku yuko kwao, kila Jumatano wao wako kwangu, simu zote mezani kama sahani. Tumekuwa nyumba moja.

Ila nikuambie kimoja, na usicheke. Simu yangu imezeeka kuliko mimi. Inanionyesha vitanda vya watoto wachanga. Nikamwambia, "Wewe simu, hapa duka lilishafungwa zamani." Haisikii. Wiki iliyopita ikaniletea mwanamke anakunja vinguo vya watoto, vidogo, vyeupe, hasemi neno, anakunja tu. Kimoja kinafuata kingine. Nikasema nione hiki cha mwisho. Nilikuja kusikia harufu: pasi imeunguza pindo la sketi ya mtu. Mimi! Ninayepiga pasi huku nagombana na mtu dirishani! Nimenunua kitambaa kingine nikarudia, mwenyewe hajajua. Sijui kitu gani kilinishika pale.

Gauni linakwenda vizuri. Kifua nimekidarizi, zipu ya pembeni haionekani hata ukiambiwa ilipo. Utaona.

Mama yako, ambaye hana haya na kazi yake


Jumanne, 2 Aprili

Mwanangu, leo salamu zitangoja.

Jumapili Bi Miwani alikuwa na wenzake wa kikundi chao, wanawake wazima na heshima zao, simu yake mezani uso juu. Ikalia, ikawaka. Aliyekuwa karibu akasoma kwa sauti: "Bibi mtarajiwa, mjukuu yuko njiani. Je, mikono yako iko tayari?" Na chini yake picha ya kikono cha mtoto kimeshika kidole cha mtu mzima.

Wakapiga vigelegele! Walidhani ni mtoto wake kamtumia habari njema. Bi Miwani naye akacheka nao. Halafu akaanza kuhesabu.

Jana akaja kwangu na kijana wake. Simu kaishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

"Fundi, kuna jambo hamjatuambia."

"Jambo gani?"

"Soma."

Nikasoma. Nikamwambia, "Hili tangazo tu, dada yangu. Hata kwangu yanakuja. Jana limenihimiza viatu vya mpira."

"Kwangu hayajawahi kuja ya namna hii. Kwa mwanangu yamekuja hayohayo. Sasa mwite binti yako, aje na yake."

Chiriku akaja na uzi bado mdomoni, akaitoa simu bila wasiwasi, akampa. Mwanangu! Vitanda, nepi, mafuta ya kupaka tumbo, na moja limeandikwa, "Wiki ya kumi na nne: mtoto wako sasa ana ukubwa wa limau." Bi Miwani akamtazama mwanawe. Kijana alikuwa mbali mpaka Februari. Wiki kumi na nne zinarudi nyuma mpaka siku ambazo hakuwepo. Hesabu hiyo hata mimi niliifanya palepale, na ninajua mwanangu hana kitu tumboni zaidi ya chai.

Yule mrefu alikuwa anaikunja kofia yake kama anakamua nguo. Akasema, "Chiriku, niambie tu ukweli."

"Nimeshakuambia. Sina mimba. Hayo mambo siyajui yametoka wapi. Nilidhani yanakuja kwa kila anayeolewa."

"Lakini simu haina sababu ya kudanganya."

"Na mimi ninayo?"

Mdogo wako akavua pete, hakuitupa, hakupiga kelele. Akaiweka kwenye kopo la pini. Akasema, "Utaikuta hapo, ukishamaliza kuzungumza na simu." Akarudi chumbani, nikasikia kitasa.

Walipotoka nikakumbuka barua yako. Ulisema mtoe leo hii. Wewe ulijua nini, mwanangu? Nimekaa na swali hilo tangu jana, halinishuki.

Na sikiliza. Nilitaka kumwambia Bi Miwani, "Hicho kiuno si cha mwanangu." Neno lilifika kwenye meno. Nikalimeza, maana swali linalofuata ni "cha nani?" Nani mwingine anaingia kwangu kila wiki na nguo ileile? Mtaa mzima unaona mlango wangu. Na msimamizi wa kile kiwanda ni kaka yake Bi Miwani, tumbo moja.

Nijibu upesi. Dereva ameahidi kungoja jibu.

Mama


Jumamosi, 6 Aprili

Mama,

Maneno yale niliyaandika mimi.

"Je, mikono yako iko tayari?" Ni yangu, hayana hata nukta moja ya mtu mwingine. Nilipoyaona kwenye barua yako nilitoka ofisini nikasimama kwenye ngazi za dharura mpaka mtu akaja kuniuliza kama naumwa.

Hii ndiyo kazi yangu, Mama. Siandiki makala. Tunapewa kundi la watu tusiowaona, tunaambiwa: andika neno litakalomzuia huyu asiweke simu chini. Mashine inapima macho ya mtu yalikaa hapo muda gani, na neno linaloshika muda mrefu ndilo linaloshinda. Yule mwanamke anayekunja vinguo bila kusema, aliyekuunguzia pindo, alichaguliwa namna hiyo. Walipotupa kundi la mabibi, wengine waliandika vichekesho. Mimi nilikuwaza wewe. Niliiwaza mikono yako. Sentensi yangu ikashinda, wakanipigia makofi.

Kuhusu programu. Ni ya kampuni yetu, ingawa haina jina letu. Fundi anapewa bure kwa sababu fundi ndiye anayefikia miili ya watu. Kipimo ukikiandika hakikai kwako, kinakuja huku pamoja na jina na namba ya simu ya mteja. Kiuno na kifua vikiongezeka polepole wiki kwa wiki, mtu huyo anatiwa kwenye kapu linaloitwa "mama mtarajiwa", na kapu linauzwa kwa wenye vitanda na nepi. Anayekonda ghafla ana kapu lake, la wauza dawa. Na simu zinazokaa pamoja mara kwa mara zinahesabiwa familia moja, zinapata habari moja. Hakuna mtu aliyemsema Chiriku. Hakuna hata mtu aliyemwona. Ni hesabu iliyofuata kiuno ulichoandika kwa jina lake.

Nilijua? Nilipokutilia nilijua nusu, na nusu nyingine sikutaka kuijua. Nilijiambia kipimo si siri, nguo mtu anaivaa hadharani. Nilipopata barua yako ya kwanza nilielewa yote, nikakuandikia ile mistari mikavu, kwa sababu simu zetu za kazini zinasomwa na kwa sababu niliona haya. Si haya ya marinda yako, Mama. Uliwezaje kufikiri hivyo? Lakini ningefikiri nini na mimi, kama ningekuwa wewe.

Sasa tufanye nini. Ukiifuta, umeifuta kwako, huku inabaki. Njia naziona mbili. Ya kwanza, mtaje huyo mteja kwa Bi Miwani peke yake, faraghani, mwombe asimwambie kaka yake. Ya pili, Chiriku aende zahanati apimwe, apewe cheti, amwekee Bi Miwani mezani, kwisha.

Mimi kuja kusema haya mbele ya watu siwezi. Nimetia saini ya kunyamaza. Nikifungua mdomo nimepoteza kazi siku hiyohiyo, na ofisi za namna hii zinajuana, sitapata nyingine. Nisamehe. Mpe Chiriku pole yangu, lakini hii barua usimwonyeshe.

Mwanao


Jumatano, 10 Aprili

Dada,

Barua nimeisoma mimi, tena kwa sauti. Mama alifika kwenye "niliyaandika mimi", akaniwekea karatasi mkononi, akaenda kusimama dirishani. Kwa hiyo pole yako imenifikia. Ilikuwa chini kabisa, pembeni, karibu idondoke.

Hongera kwa makofi.

Nikuambie habari zangu, maana siku hizi unazipata kwa njia nyingine. Sina mimba. Nina hasira, sijui kama mna kapu la hasira. Dukani wasichana wananiuliza kama nataka kukaa. Jirani kaniletea ndimu, hajasema kitu, kaniletea tu. Nikinunua pipi napigwa jicho. Nimeacha kula mbele ya watu, na sasa naambiwa nimeanza kichefuchefu.

Zahanati siendi. Nimepimwa maisha yangu yote, unajua mwenyewe, Mama akikosa mwanasesere wa kuvalisha nguo ananisimamisha mimi kwenye kigoda. Sijawahi kuchukia, maana Mama akishapima ananyamaza. Lakini nikienda kupimwa leo kwa sababu simu imesema nina mimba, kesho nikiwa ndani ya ndoa simu ikisema nina mwanamume, nitakwenda kupimwa wapi? Cheti cha hilo kinatolewa dirisha gani?

Na yule mrefu nampenda. Hapo ndipo panaponiuma, Dada. Angekuwa mtu wa hovyo ningekuwa nimeshapika chai na kusahau. Jana amepita mbele ya duka mara kadhaa, anajifanya anatafuta mtu. Hakuingia. Anaogopa, sijui ananiogopa mimi au anamwogopa mama yake, au anaogopa kwamba nikimwambia tena ataniamini halafu simu italia.

Mimi hawataniamini. Mama hawezi kusema, midomo yake ina pini. Anayejua hesabu ilivyofanywa ni wewe. Hutaki kuja. Sawa. Basi niandikie tangazo, wewe si fundi wa maneno? Liandike zuri, la kumshika mtu macho, useme mimi ni mkweli. Mlitume kwenye simu ya Bi Miwani. Huko ndiko anakosoma.

Mdogo wako, mwenye limau


Jumamosi, 13 Aprili

Mwanangu wa kwanza,

Siku zote mimi ni mtu wa maneno mengi, leo yamepungua, lakini nitayapanga.

Kwanza, mteja wangu amekuja. Fununu zimemfikia mpaka kwenye meza yake ya kufungia maboksi, akajua mwenyewe kiuno kinachosemwa ni cha nani. Alisimama mlangoni hajavua viatu. "Mama, nimekuja nikuruhusu. Nenda ukanitaje. Siwezi kuvunja harusi ya mtu." Mkono kauweka pale tumboni, hata hajui kama kauweka.

Nikamwambia, "Kaa chini. Una muda gani mpaka saini?"

"Wiki mbili na kidogo."

"Basi vua koti nihamishe marinda, wiki hii umetokeza kushoto."

"Mama, umenisikia?"

"Nimesikia. Inua mkono."

Akalia wakati namfunga. Sikuandika popote. Kipimo kimekaa kichwani, kichwa kizee kimekumbuka kazi yake.

Pili, Bi Miwani. Alikuja Alhamisi, peke yake, mpole kidogo. Alikuja na rai. Chiriku avae gauni mbele yake, gauni lile nililolikata kabla maneno haya hayajaanza. Zipu ikipanda, yamekwisha, ataomba radhi na kubeba keki mwenyewe. Mwanangu, nikuambie ukweli, nilifurahi! Maana najua mkasi wangu, na najua mwili wa mwanangu. Nilikuwa nimeshafika kwenye kabati. Nilikuwa nimeshalishika gauni.

Chiriku akasema kutoka kwenye kigoda, hata hakuinuka, "Mama, na wewe?"

Ni hayo tu. Nikalirudisha gauni. Nikamwambia Bi Miwani, "Dada yangu, gauni hili litavaliwa na bibi harusi. Halitavaliwa na mshtakiwa." Akaniuliza sasa yeye aamini nini. Nikamwambia, "Uamini uliyekaa naye meza moja Jumapili zote." Akavua miwani akafuta, akavaa tena. Akasema, "Fundi, mimi ni mama wa mvulana mmoja tu. Nimesoma kitu, siwezi kukisoma kinyumenyume kikatoka kichwani. Nipeni mtu anieleze kilifikaje. Kabla ya Jumapili ya wiki ijayo kwisha. La sivyo tuwaambie watu wasije." Alisema kwa huzuni, sikumchukia. Angekuwa ananitukana ningejua la kufanya.

Tatu ni wewe.

Barua yako nimekwisha kuielewa. Mwanzoni niliona maneno, sasa naona mshono. Unaniambia nimtaje yule msichana. Nikimtaja, anapoteza kazi, na mtoto hajazaliwa. Unasema wewe ukiongea, unapoteza kazi. Kwa hiyo unaniomba apoteze yeye ili usipoteze wewe. Uliandika kwa mwandiko mzuri, mpole, na "nisamehe" yako chini, lakini ukigeuza kitambaa ndicho kilichoandikwa upande wa ndani. Sikukuzaa hivyo. Wala sidhani uko hivyo. Nadhani umekaa muda mrefu mahali pasipo na sura za watu.

Na mimi sijatoka humo msafi. Mimi ndiye niliyeandika jina la mdogo wako pale, nikajiona mjanja, nikakuandikia nikijisifu. Na uliponiambia nitoe nikachagua kudhani unaona haya ya marinda, kwa sababu ya Bi Miwani alivyotoa macho. Hilo nimemwambia Chiriku. Alinijibu, "Mama, ulitaka kumficha mtu. Wao walitaka kumpata." Sijui kama amenisamehe au ameniacha tu. Usiku analala, mchana anashona vifungo vya watu, haongei. Chiriku haongei! Nyumba imekuwa kama imefiwa.

Programu nimeifuta, ijapokuwa unasema haisaidii. Wateja wangu nimeanza kuwapitia mmoja mmoja niwaambie. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Wa kwanza alicheka, wa pili akaomba kitambaa chake akaondoka nacho hakijakatwa. Jana mchana duka lilikuwa na mimi na cherehani. Nitaendelea mpaka wa mwisho.

Sikuamuru kuja. Umri wa kuamriwa umepita, na kazi ni yako, mimi sijui kupanda jengo la vioo, sijui kinachoumiza mtu akishuka. Ukibaki bila kazi kuna kigoda hapa na kuna sindano, utanuna mwezi mmoja, utazoea. Lakini jina la mteja sitalitoa, na mdogo wako hatapimwa, na hakuna mwingine chini ya jua anayeweza kumweleza yule mama kilifikaje.

Kwa hiyo nimefanya kitu, na utanikasirikia. Nimeshasema unakuja. Bi Miwani aliponiuliza, "Na huyo wa kunieleza mtampata wapi?" kifua kilinipanda kama zamani, nikasema, "Ninaye. Mwanangu mkubwa. Maneno hayo kayaandika yeye, atakuja kuyaeleza yeye, na haogopi mtu." Akanitazama sana. Hii mara ya kwanza najisifia mtoto huku sijui kama atanisikia. Nimemwambia yule mrefu pia, nilimkamata njiani anajifanya anatafuta mtu. Aliniuliza, "Kweli atakuja?" Nikasema, "Umewahi kunisikia nikidanganya kuhusu wanangu?" Akasema, "Umetia chumvi, Mama, lakini hujawahi kudanganya." Huyo kijana bado ana akili, tukiiwahi.

Basi la asubuhi linafika hapa kabla ya saa nne. Viti nimeazima, vimeshapangwa, na chako nimekiweka katikati, mkabala na cha Bi Miwani, ili umtazame usoni. Gauni litakuwa ndani ya kabati, limefungwa. Bi Miwani atakuja, na kijana wake atakuja, na ndugu zao waliokuja siku ile ya furaha watakuja walewale. Chiriku amesema atakaa, hakusema ataongea.

Ni Jumapili, tarehe 21 Aprili, saa nne asubuhi. Wote tunakungoja.

Mama yako